Shoga wa Kufa na Kuzikana

"Tia mwanamume."

Hilo ndilo jibu nililopewa kwa muswada ulionikesha miezi minane. Limekuja kwa sauti, WhatsApp, saa tano za usiku, nami nimejilaza kwenye mkeka nyumbani Kibokoni, Mombasa, nikipepea joto kwa kifuniko cha boksi. Produsa mwenyewe simtaji, ana wake na watoto, na mimi nina haya kidogo. Kisa ni kizuri, asema. Kinachekesha, kinatisha, mke wake amekisoma akakosa usingizi. Lakini shoga (kwetu pwani, mwanamke rafiki wa mwanamke) hamuui shoga yake bure bure! Lazima pawe na mume wa kugombaniwa. Akikosekana mume, basi mganga. Wakiwapo wote wawili, akaongeza kwa ukarimu wake, ndiyo bora zaidi.

Asubuhi yake niliunguza mahamri kwa hasira.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanawake wawili wa Mji wa Kale, wamesoma chuo kimoja cha Kurani, wamebaleghe mwaka mmoja, harusini huvaa sare, siri za mmoja ziko kifuani mwa mwenziwe. Mmoja apata kazi Muscat. Basi. Hapana kilichozidi hapo. Mwenziwe amwambia hongera, amkumbatia, kisha pasi ya kusafiria yapotea. Yapatikana, homa yaingia. Homa yatoka, chai ya tangawizi yaletwa kwa chupa kila asubuhi, na mgonjwa kila akinywa azidi kudhoofika. Mwishowe afa. Na aliyemuua ndiye aombaye awe miongoni mwa waoshaji, ndiye asimamiaye pilau ya hitima, ndiye amkaripiaye mpishi mbele za watu kwa kuzidisha chumvi, kwa sababu marehemu hakupenda chumvi. Hapo produsa aliniambia alicheka peke yake garini. Kisha akataka mwanamume.

Sasa niseme, maana nimenyamaza wiki mbili na nimechoka.

Huyu bwana hajapita Biashara Street? Leso, yaani kanga, zimetundikwa tangu chini hadi juu, na mtaa huo ndio wa "Mali ya Abdulla", duka lililoanza 1887, ambalo yasemekana ndilo lililoanzisha mtindo wa kutia maneno kwenye leso. Zaidi ya miaka mia wanawake wa pwani wamekuwa wakitukanana kwa nguo iliyopigwa pasi. Na leso hizo wanamvalia nani? Mume? Mume hata hasomi, yeye aona maua tu. Leso huvaliwa jirani, wifi, na zaidi ya wote, shoga. Mimi mwenyewe niliwahi kugawana jozi moja na rafiki yangu, yeye kipande, mimi kipande, tukazipinda kwa cherehani moja. Tulipokosana alikuja matangani kajitanda kipande chake, mimi nimejifunga changu, na jina la leso likitutazama sote wawili: HASIDI HANA SABABU. Watu walituangalia wasijue nani anamwambia nani. Hata sisi hatukujua.

Hasidi hana sababu. Maneno matatu, yameuzwa kwa maelfu, na bado mtu aliyezaliwa mjini humu aniuliza sababu iko wapi.

Sheria yenyewe haimuulizi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9, yasema wazi kwamba kilichomsukuma mtu kutenda hakihusu hatia yake, ila pale sheria iliposema vingine. Mahakama yataka kujua ulikusudia au hukukusudia. Kwa nini ulikusudia, hilo ni lako na Mola wako. Jaji aweza kukutia hatiani bila mume wala mganga, produsa hawezi.

Na lugha je? Sisi ndio tuliosema "rafiki wa kufa na kuzikana", tukaona ni sifa. Hebu yasikilize maneno hayo kwa sikio la mgeni. Mtu akikujia na macho makavu akakwambia, mimi na wewe ni kufa na kuzikana, si ungeulizia kwanza nani anatangulia? Tena kwa wanawake wa huku hata kuzikana kwenyewe ni nusu, maana jeneza likitoka mlangoni wanaume ndio waendao mavani, sisi twabaki ndani na ubani na sufuria. (Wasomaji wa bara, nawaona mnavyocheka kila nikiandika shoga. Maliza kucheka, urudi, neno ni letu.)

Nitasema jambo la nyumbani, na mamangu mdogo anisamehe. Alikuwa na sukari, daktari akamkataza vitamu. Alikuwa pia na shoga yake wa tangu utoto. Kila alasiri ya Ramadhani shoga huyo alileta sahani ya kaimati, imefunikwa kawa, shira yachuruzika ukingoni hadi vidoleni mwake. "Moja tu, shogaangu. Moja haiui." Hakuondoka mpaka ameona imeliwa. Mamangu mdogo naye akila huku amemkazia macho, hapepesi, kama watu wawili wachezao bao. Mwaka mmoja akakatwa kidole gumba cha mguu. Aliyelia kuliko sisi sote hospitalini, mpaka wauguzi wakamtafutia kiti, ni yule yule. Ramadhani iliyofuata kaimati zikaja tena. Tena zilikuwa laini zaidi, alikuwa ameongeza tui.

Nilimuuliza siku moja, mama, kwa nini usizikatae? Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo. Kuikataa kaimati ya shoga ni kuvunja urafiki, kuila ni kuvunja mguu, akachagua mguu. Je, yule bibi alikuwa muuaji? Mpaka leo sijui. Pengine alimpenda tu, na hakujua kumpenda mtu bila kumlisha. Lakini niambieni hapo mwanamume ataingia wapi? Baba mdogo alikuwa chumba cha pili miaka yote hiyo akisikiliza taarifa ya habari.

Kuna wanaosema basi liandike, lakini usichekeshe, kifo si mzaha. Hao wakasome habari za Nathan Leopold na Richard Loeb. Vijana wawili wa Chicago, matajiri, wasomi, miaka 19 na 18, marafiki wasiotengana, walioamini akili zao zimepita sheria za watu wa kawaida. Mei 1924 wakamuua mtoto wa miaka 14, Bobby Franks, ili tu waone kama wataweza mauaji yasiyogundulika. Na kisha? Leopold akaangusha miwani yake karibu na maiti. Bawaba ya miwani hiyo ilikuwa ya aina iliyouzwa kwa watu watatu tu katika Chicago nzima. Alipoulizwa akasema labda ilimdondoka akitazama ndege wa mwituni, maana alikuwa bingwa wa viumbe hao. Wakadai siku ile walikuwa wakizurura na gari la kina Leopold. Dereva wa nyumbani, masikini, akidhani anamtetea bosi wake, akasema gari hilo lilikuwa gereji kwake, yeye mwenyewe alikuwa akilitengeneza. Wakapewa kifungo cha maisha na miaka 99 juu yake. Mtoto yule alikufa kweli, na hapo sicheki. Lakini mtu anayejiona mungu akaangushwa na bawaba ya miwani, usipocheka wewe utakuwa umemheshimu kuliko anavyostahili. Na hao nao, kumbukeni, hawakugombania mwanamke. Kila mmoja alimtaka mwenziwe amwone mkubwa, yakatosha hayo kuua.

Haya, nimpe produsa haki yake, japo yanikwama kooni. Pesa ni zake. Watazamaji wamezoea mume wa kugombaniwa, hata mimi hukaa nikatazama, na mamangu hawezi kulala bila kujua kama yule bwana amerudi kwa mke mkubwa. Na ni kweli kurasa kumi za mwanzo zilikuwa nzito, nimeshazikata.

La mganga silikubali. Kwenye televisheni mganga ni kichekesho cha kibuyu na shanga. Lakini vukeni tu hapo Mtwapa, muingie Kilifi, mkaulize ni wazee wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu mtu aliumwa na familia ikahitaji sababu. Nywele nyeupe zatosha kuwa ushahidi wa uchawi. Siwezi kuandika hadithi inayomwambia mtazamaji kwamba mtu akifa ghafla kuna mchawi pahali, halafu nikalala vizuri.

Rafiki yangu wa ile leso tulipatana, kwa taarifa yenu. Hakuna aliyeomba msamaha. Alikuja na mabuyu, akakaa, tukawasema watu mpaka Magharibi. Muswada ameusoma. Aliuliza swali moja tu, yule anayekufa ni mimi au ni wewe? Nikamwambia sijaamua. Akachukua buyu jingine, akalifyonza taratibu, akasema, "Kama ni mimi, hiyo chai ya tangawizi ibadilishe. Unajua siipendi."

Jana nimemrudishia produsa muswada. Mwanamume nimemtia kama alivyotaka, ukurasa wa kumi na mbili. Aendesha tuktuk. Awashusha wote wawili Marikiti, asema hana chenji, aondoka. Hana jina.