Eros si mpira: utetezi wa polihedroni

Modeli ya polihedroni, inayokokotoa uvutano wa asteroidi kwa kuichukulia kama umbo lenye nyuso nyingi bapa, inalaumiwa kwa mambo mawili, na yote yana ukweli: inakula kompyuta, tena inachukulia kwamba asteroidi ina densiti moja kutoka ganda hadi kiini. Wanaoikwepa hushika mfululizo wa hamoniki za tufe (uvutano ulioandikwa kama jumla ya madaraja, kila moja likiongeza undani juu ya umbo la mpira), ambao kwa Dunia au Mirihi hauna mpinzani. Ni wepesi, na vizidishi vyake hupatikana kwa kufuatilia mawimbi ya redio ya chombo kilicho kwenye obiti.

Tatizo ni kushuka. Asteroidi Eros ina urefu wa kilomita 34 hivi, unene 11 tu. Mfululizo una dhamana nje ya tufe linaloifunika yote, lenye nusu kipenyo cha kilomita 17. Ukiwa ubavuni, kilomita 6 kutoka kitovu, hujagusa mwamba, lakini umeshazama ndani ya tufe hilo. Hapo kila daraja linalopanda huzidishwa tena kwa 17/6. Daraja la 4 hukua mara 64. La 15, zaidi ya mara milioni 5, pamoja na kosa lolote lililomo kwenye kizidishi chake. Anayeongeza madaraja ili apate usahihi anaongeza petroli kwenye moto. Na chombo cha NASA, NEAR Shoemaker, kilipotua Eros Februari 2001, kilipita humo humo.

Fomula ya polihedroni, ya Werner na Scheeres ya miaka ya 1990, haina mpaka huo. Gharama ipo: wavu wa pembetatu 50,000 unaofunika asteroidi una kingo 75,000, kila ukingo logi (logariti) moja, kila uso pembe mango moja (sehemu ya anga ambayo uso huo unaifunika ukitazamwa kutoka kilipo chombo), kwa kila hatua ya obiti. Vipeo vyote vipangwe kinyume cha saa ukitazama kutoka nje. Pembetatu moja ikigeuzwa, mchango wake hubadili alama. Bahati nzuri kipimo kimo ndani: jumlisha pembe mango zote. Nje ya mwamba ni sifuri, ndani ni 4π. Ukipata kitu kingine, wavu una tundu au uso uliopinduka.

Kuhusu densiti, asteroidi Bennu inawapa wapinzani hoja: chembe zilizoruka kutoka juu yake, zikafuatiliwa na chombo cha OSIRIS-REx, zilionyesha kiini chepesi kuliko wastani. Lakini hilo lilionekana kwa kulinganisha uvutano uliopimwa na ule wa polihedroni ya densiti moja. Ukishaijua tofauti, unaweka polihedroni ndogo ndani ya kubwa, yenye densiti hasi ya kupunguza, na fomula inabaki ile ile.