Hela ya kuasili siyo bei ya mtoto

Eti watu wa grupu la WhatsApp kuchangia familia iasili mtoto, yaani imchukue kisheria awe wake, ni sawa na kumnunua mtoto, hapo nampinga kabisa mwandishi wa makala yenu iliyosema hivyo. Sisi Makorora hapa Tanga tulichangia wanandoa wa mtaani kwetu, wengine walituma elfu mbili na ya kutolea juu, na hakuna aliyelipwa hata mia kwa ajili ya mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ombi linaenda Mahakama Kuu na kabla ya hapo mtoto anakaa kwanza malezi ya kambo, yaani analelewa kwa muda na hiyo familia, ustawi wa jamii wanakuja kuangalia analala wapi anakula nini, sasa nani anamlipa wakili, nauli za kufuatilia faili je, kitanda na chandarua? Mweka hazina wetu alikuwa anarusha risiti ya wakili kwenye grupu kila mtu aione, ila walioomba picha ya mtoto aliwakatalia, na kwa hilo nampa heko kwelikweli. Mngeandika kuhusu wanaokusanya bila risiti ningewaunga mkono. Nyie wa Pangani na Korogwe mlioshawahi kuchangia, hela mlimkabidhi nani, familia au wakili moja kwa moja?