Breki Zenye Kwikwi

Gari langu lina kwikwi. Likitembea halina neno, kimya, utadhani limelelewa vizuri. Kasheshe ni kulisimamisha. Gusa breki likiwa kwenye mwendo: pedali inakupiga mateke ya unyayo, du-du-du-du, usukani unapapatika mikononi kama kuku aliyeshikwa mabawa, na abiria wote wanatikisa vichwa kana kwamba nimesema jambo wakaliafiki. Siku moja mama mkwe alijishika kwenye kiti, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili gari linaogopa nini?"

Aliyefurahi ni mmoja tu, kitindamimba wangu. Nikikanyaga breki, naye huko nyuma anaachia "aaaaa" ndefu ili sauti imtetemeke. Anaona nimemnunulia gari lenye muziki.

Ukitaka kujua dunia ina mafundi wangapi, kuwa na gari bovu. Jirani akasema ni balansi ya matairi. Haya, balansi mbovu si ingetikisa gari mwendoni hata breki sijagusa? Shemeji akakohoa kwanza, kama kawaida yake akitaka kutoa hukumu, akasema ni ABS inafanya kazi. Shemeji, ABS huamka tairi likitaka kuteleza. Mimi nakanyaga polepole, barabara kavu, kweupe. Inafanya kazi gani hapo? Akasema labda ina wasiwasi.

Basi nikaamua kujipimia mwenyewe. Nilitafuta barabara tupu, mwendo mdogo, nikavuta hendibreki taratibu huku kitufe nimekibonyeza, maana hiyo kwenye gari langu inashika magurudumu ya nyuma tu. Kimya. Halafu ile kwikwi mimi naisikia zaidi mikononi kuliko makalioni. Usukani ukicheza, shuku mbele. Kiti kikicheza, shuku nyuma. Ugonjwa uko mbele.

Na hapo ndipo hasira zilipopanda, kwa sababu diski za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa na breki, nilizibadilisha mwenyewe miezi michache nyuma! Kila mtu aliniambia "diski zimepinda", nikanunua mpya, nikafunga kwa mikono yangu, gari likatulia wiki kadhaa, kwikwi ikarudi. Aliyeniuzia nimemsema vibaya mpaka kwenye shughuli za watu. Nimemwita muuza vyuma chakavu. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Jumamosi nikapiga jeki, nikaweka stendi (jeki peke yake siiamini, nina watoto), nikafungua tairi, nikatoa kalipa (kile kibano kinachosukuma pedi, vile vipande vya kusugua, zibane diski) na kuining'iniza kwa waya ili isibembee kwenye mpira wake wa breki. Nikaazima mikromita, kifaa cha kupima unene mdogo sana. Nikapima unene wa diski sehemu nane, mzunguko mzima. Tofauti kati ya palipo nene na palipo pembamba: milimita 0.03. Nikacheka peke yangu. Ndiyo hii inayomtikisa mama mkwe? Nikang'oa unywele mmoja kichwani, na ninao wa kuhesabika, nikaupima: 0.07. Yaani nusu ya unywele wangu, tena haifiki, inatosha kupiga mguu mateke.

Kwa hiyo diski haikupinda. Imelika, huku zaidi na kule kidogo. Lakini imelikaje, mpya hivi? Nikaichomoa nione mgongo wake. Pale kwenye habu, kitovu cha gurudumu, diski inapoegemea, palikuwa na gamba la kutu ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lilikuwepo tangu siku nafunga diski mpya. Nililiona. Nilisema "hilo halina shida" na nikalifunikia humo humo. Diski ikakaa upande kidogo, basi kila ikizunguka inaibusu pedi mahali palepale, hata breki sijakanyaga. Busu la leo, busu la kesho, wiki kadhaa, pakawa pembamba.

Sijamaliza kujiaibisha. Nati za tairi nazo. Kitabu cha gari kinataka nguvu ya 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa awamu. Mimi staili yangu ni kuzifuata kwa mzunguko, moja baada ya nyingine, na kila moja nasimama juu ya spana kwa mguu. Nina kilo 92. Spana ina mkono wa sentimita 40. Nikapiga hesabu: zaidi ya Nm 350. Kukaza namna hiyo, nako, kunakalisha diski upande. Muuza vyuma chakavu, nisamehe popote ulipo.

Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, na zangu zilikuwa bado mbali nao, nikazipeleka zikachongwa. Habu nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Pini za kalipa nikazitia grisi, moja ilikuwa inateleza kwa manung'uniko. Nati nikakaza kwa spana yenye kipimo, ikalia "ka!" mapema mno, mguu wangu ukanyanyuka wenyewe kutaka kuongeza. Nikauzuia.

Nikaingia ndani, nikakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini kama mguu kwenye tope. Moyo nao ukaifuata. Kumbe pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi, nilizirudisha ndani nilipokuwa nafunga, lazima zipampiwe kwanza zifike kwenye pedi. Nikapampu, ikapanda. Mke wangu dirishani akauliza mbona nimekaa kwenye gari lililosimama natoka jasho. Nikamwambia ni kipimo.

Kisha nikazizoesha pedi na diski zake: toka kilomita 50 kwa saa shuka hadi 10, bila kusimama kabisa, ongeza tena, shuka tena, mara kumi. Mwenzangu mmoja nyuma alivumilia mara tatu, akanipita, akashusha kioo na kuniuliza leseni nilipewa na nani.

Jioni nikawapakia wote. Mwendo, breki. Hakuna teke, hakuna kuku, gari likasimama kama limekaa sofani. Nyuma kitindamimba akaanza "aaaaa", sauti ikatoka imenyooka kama rula. Akanyamaza. Akajaribu tena kwenye breki iliyofuata.

"Baba," akasema kwa uchungu, "umeliharibu."