Utenzi usioimbwa: jazi laini na watoto wa kwaya Mbeya

Majuzi nilikaa nyuma ya chumba cha mazoezi pale Soweto, Mbeya, nikiwasikiliza vijana wanne. Mpiga tarumbeta amelelewa na Wamoravian wa Rungwe, wa kinanda ametoka kwaya ya Kilutheri Njombe, na wale wa besi na drams hupiga kila Jumapili kwenye makanisa mawili tofauti ya Kipentekoste. Walipiga utenzi "Cha Kutumaini Sina" polepole, kwa mtindo wa jazi laini (smooth jazz), bila mwimbaji. Mzee mmoja wa kanisa alisimama mlangoni mpaka wakamaliza. Akasema, "Mmepiga vizuri, wanangu. Lakini mahubiri yako wapi?"

Vijana walinyamaza. Wapo watakaosema huo ni ukale wa wazee, mimi sisemi hivyo. Kwaya za Nyanda za Juu zimejengwa juu ya neno. Mwalimu wa kwaya huanza na mstari wa Biblia, ndipo atafute sauti, na ala huja mwisho kusindikiza. Ukiyaondoa maneno, mtu aliyezoea hivyo anaona umemnyang'anya chakula ukamwachia sahani.

Halafu kuna jina lenyewe. Kwa Mtanzania wa umri wa mzee yule, jazi ni Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Huo ulikuwa muziki wa dansi, wa kumbi na baa, na ulifanana kidogo sana na jazi ya Marekani. Kijana anaposema jazi anafikiria saksafoni tulivu. Mzee anasikia chupa zikigongana. Ugomvi mwingi ungepungua kama kila mmoja angeuliza mwenzake anamaanisha nini.

Lakini je, muziki usio na maneno ni mgeni kanisani? Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakitoka katika kanisa ambalo tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, lilikuwa na vikundi vya wapiga tromboni. Katika jumuiya zao, tromboni zilitangaza hata msiba: wapigaji walipiga tuni, na watu wakajua aliyeitwa ni wa kundi gani katika jamii. Nasi huku tumezika watu wetu kwa matarumbeta. Bendi inapotangulia jeneza, hakuna anayeimba katika hatua zile za mwanzo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza mahubiri yako wapi. Tuni tunaijua, maneno yanakuja yenyewe kifuani.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Ala haihubiri peke yake. Inaamsha mahubiri ambayo msikilizaji tayari anayo.

Wenzetu wa Marekani walibishana haya muda mrefu. Thomas Dorsey, aliyezaliwa 1899, mtoto wa mhubiri, alipiga bluzi, muziki wa kidunia wa Wamarekani weusi, kwa jina la Georgia Tom kabla ya kuleta mapigo yale kwenye nyimbo za injili, na makanisa kadhaa yalimkataa mwanzoni. Leo anaitwa baba wa muziki wa injili. Kirk Whalum, mtoto wa mchungaji kutoka Memphis, ndiye aliyepiga saksafoni kwenye wimbo wa Whitney Houston wa 1992 ambao hata daladala za Mwanjelwa zimeupiga, na baadaye akarekodi jazi ya injili waziwazi.

Kwenye kodi zenyewe za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, nina jambo la kusema. Kodi ya nyumbani, ile ambayo utenzi hutulia juu yake, ni do, mi, so. Yule kijana wa kinanda anaongeza ti juu yake. Tulifundishwa kwamba ti hutaka kupanda kwenda do. Yeye anaiacha ikae pale pale, haijafika. Sikio la mwanakwaya linaona kasoro. Mimi, baada ya kusikiliza mara tatu, nilisikia mtu anayetumaini kitu ambacho bado hajakishika, na utenzi ule unazungumzia tumaini. Pia walikuwa wakipishana. Kanisani mpiga kinanda huziba kila nafasi. Hapa tarumbeta ilipozungumza, kinanda kilikaa kimya kusikiliza. Wakristo wa madhehebu matatu wakisikilizana hivyo, sioni kwa nini tuwaogope.

Hofu yangu iko upande mwingine. Jazi laini ilikulia redioni. Kituo cha KTWV cha Los Angeles kilianza kuipiga 1987, na muziki ule ulipendwa kwa sababu haumsumbui mtu aliye kazini au garini. Utenzi wa mtu anayelia kwa Mungu ukigeuzwa kuwa sauti ya kusindikiza supu hotelini, mzee atakuwa ameshinda hoja. Na hoteli inalipa, wakati kanisani kijana hupewa nauli na baraka. Siwalaumu wanaokwenda, wana kodi ya chumba. Ila nawaomba ubeti wa kwanza waupige ulivyo kitabuni, noti kwa noti, ndipo wapambe.

Maana hata hiyo akiba ya maneno kifuani inapungua. Nilimuuliza mpiga besi, kijana wa miaka 22, ubeti wa tatu unasemaje. Hakuujua. Tuni aliipata kwenye simu, na kanisani kwao huimba mapambio tu. Akiwa yeye anayepiga hajui, atakayekuwa amekaa mezani akisikiliza miaka kumi ijayo atakumbuka nini?

Niliwashauri mazoezi yajayo waweke ala chini kwanza, waimbe beti zote. Wamekubali. Mzee amesema atakuja na kitabu chake cha Tenzi, kile cha maandishi makubwa.