Lami Mpya Juu ya Bomba Bovu

Kila inapotiwa lami barabara moja ya mjini, sisi tulio ng'ambo (nakusudia Ulaya, si Ng'ambo ya Michenzani) tunarushiana picha na maneno yale yale: "Unguja sasa kama London." Mimi sikubaliani. Kumwaga lami ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Ukiwa na fedha na mtambo, kilomita moja inakwisha kwa siku chache. Tofauti ya huku na kwetu iko chini ya lami, na iko kwenye makaratasi ya kabla na baada yake.

Wala huku si peponi. Mashimo yapo tele, hasa baridi ikishaondoka: maji yameingia kwenye ufa, yameganda, yamevimba, na lami inabanduka vipande vipande. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. England ina sheria ya kazi za barabarani ya mwaka 1991. Shirika la maji, umeme, gesi au simu haliji na sururu linapotaka. Linatoa taarifa au linaomba kibali, na mwenye barabara akitaka kuijenga upya huwaita wote mapema: mwenye cha kuchimba achimbe sasa. Baada ya hapo anaweza kuzuia isichimbwe hadi miaka 5, isipokuwa kwa dharura na mambo machache kama kumuunganishia mteja mpya. Aliyechimba anabeba dhamana ya kiraka chake miaka 2, na 3 kama shimo lilikuwa la kina kirefu. London, tangu 2012, anayeziba barabara kuu zenye msongamano saa za pirikapirika anaweza kulipishwa hadi pauni 2,500 kwa siku. Ndiyo maana mafundi wa huku wanapenda kufanya kazi usiku.

Kwetu lami inamwagwa Shaaban, bomba linapasuka Shawwal. Mtaro unafukiwa kwa tope lile lile lililotolewa, linakanyagwa kwa miguu, na masika ya kwanza kiraka kinazama. Inavyotakiwa, mtaro hufukiwa kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka linashindiliwa kwa mashine kabla ya kumwaga jengine, na lami ya pembeni inakatwa nyuma kidogo ili kiungo kisikae juu ya ukingo wa shimo.

Barabara kama ya Benjamin Mkapa pale Darajani, inayopita ulipokuwa mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, usanifu wake uanze kwa kujua kilichozikwa. Rada ya ardhini inasaidia, ila kwenye udongo ulioloa maji ya chumvi haioni mbali. Kwa hiyo hakuna njia ila kuchimba kwa mkono, si kwa mashine ya kijiko: mtaro mwembamba wa kina cha mita 1.5 upana wote wa barabara, kila baada ya mita 100 na kwenye kila njia panda. Kila bomba linaandikwa kina chake, kipenyo, aina, na kama linavuja. Mafundi bomba wa mtaani na masheha waulizwe, maana vile vibomba vya nusu inchi vinavyokata barabara kwenda nyumba moja moja mara nyingi havimo kwenye mchoro wowote.

Na vibomba hivyo ndivyo vinavyoua lami. Kiungo kinavuja tone kwa tone, kifusi cha chini kinaloa na kulegea, kila gurudumu likipita linakamua maji juu kupitia ufa pamoja na unga wa mawe. Ukiona lami ina michirizi ya tope jeupe kando ya nyufa, usimlaumu aliyepika lami, tafuta bomba. Kuongeza lami juu yake ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya.

Tiba yake inajulikana. Bomba la kugawia maji lilazwe pande zote mbili, kila upande ulishe nyumba zake, pasiwe na kibomba kinachokata barabara. Kisha kila mita 100 hadi 150 yazikwe, kutoka upande hadi upande, mabomba matupu manne ya plastiki ya milimita 110 ya kupitishia nyaya baadaye, kina cha milimita 900 chini ya njia ya magari, na chemba kila upande. Ndani iachwe kamba ya kuvutia nyaya na midomo ifungwe. Kamba hii ndiyo inayosahauliwa, bomba likajaa mchanga, na mwenye waya akija anarudi kwenye sururu.

Maji ya mvua nayo yana hesabu zake. Hekta 1 ya mabati na lami, mvua ikinyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, inatoa kama lita 250 kila sekunde. Tutasema yaende baharini, lakini bahari yetu siku za bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mtaro ambao mdomo wake uko chini ya usawa wa bahari hautoi maji, unayapokea. Msanifu aanze na kimo cha bamvua kisha arudi juu mjini, aweke kifuniko cha kuzuia bahari isirudi, na atenge mahali pa kuyatua maji saa mbili tatu mpaka ianze kupwa. Mwanakwerekwe kuna shida nyengine: ni bondeni, maji hayana pa kutokea wenyewe, na ukiinua barabara bila kuyatengenezea njia umehamisha dimbwi tu, umelipeleka kwenye vyumba vya watu. Kalvati lisipungue milimita 600 hata kama hesabu inatosheka na 300, kwa sababu lazima lisafishike, na mitaro yetu inabeba mchanga na machupa.

Jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi: urefu wa barabara kwenda juu. Kila ukarabati ukiongeza sentimita 8 au 10 bila kukwangua lami ya zamani, baada ya mara tatu baraza la nyumba liko chini ya lami na kizingiti kimekuwa mlango wa mtaro. Kabla ya kuchora, vipimwe vizingiti vyote, na barabara ipangwe ipite chini yake, angalau sentimita 15 kwenye ukingo. Ikibidi, chimbua tabaka za zamani zote.

Unene wa tabaka utokane na magari yanayopita. Hesabu ya siku 7, na angalau siku mbili zihesabiwe saa 24, moja ya kazi na moja ya mapumziko. Kisha malori yapimwe uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli ya kawaida kwenye usanifu ni tani 8.16. Yenye tani 13 haiongezi madhara kwa nusu tu. Inaumiza kama ekseli 8 za kawaida, kwa sababu madhara yanapanda kwa kipeo cha 4.5 cha uzito. Kwa hiyo lori moja la mchanga lililozidishwa mzigo linaumiza barabara kuliko foleni nzima ya daladala. Nguvu ya udongo ipimwe sampuli ikiwa imeloweshwa siku 4, si ikiwa kavu kama ya Januari.

Yapo mambo ya huku ambayo nisingependa yaigwe. Uingereza huchagua kwa uangalifu mawe ya tabaka zilizo ndani ya milimita 450 za juu za barabara kwa kuhofia kuganda. Kwetu hakugandi, fedha hizo zipelekwe kwenye mitaro. Njia za magari za mita 3.65 zinafaa barabara za kasi. Mjini mita 3 hadi 3.25 zinatosha, na kilichobaki wapewe wanaotembea, kwa sababu Darajani wenye miguu, baskeli na rukwama ni wengi. Njia ya miguu isipungue mita 2 zilizo wazi kweli, bila nguzo ya umeme katikati. Kituo cha daladala kiwe baada ya kuvuka njia panda, si kabla yake, gari likisimama lisizibe wanaotaka kukata kona. Na miti iachwe; kivuli cha mwembe huwezi kukiagiza.

Ratiba nayo isinakiliwe. Kuchimba kuanze Juni masika yakishapita, mitaro na mabomba yamalizike kabla ya vuli ya Oktoba, na lami ifuate Disemba hadi Februari. Barabara ifungwe nusu nusu, vipande vya mita 200, ili fremu zisikose wateja. Ramadhani ikiangukia humo, kumi la mwisho mashimo yote ya Darajani yawe yameshafukiwa, kwa sababu wakati huo nusu ya Unguja iko pale inanunua nguo za Idi.