Meli ya Kronborg pale Manza, ilifeli au ilifika?

Watu wanaofatilia vita ya kwanza ya dunia huku pwani wamegawanyika kuhusu ile meli ya mizigo iliyoishia ghuba la Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili 1915. Wapo wanaosema ilifeli kabisa, na wapo wanaosema ndo iliyompa Mjerumani pumzi. Mimi naona hao wa pili wako karibu na ukweli, ila kuna kitu kikubwa wote wanakiruka.

Jina lake la asili ni Rubens, meli ya Muingereza iliyokamatwa Hamburg vita ilipoanza 1914. Wajerumani wakaibatiza Kronborg, wakapandisha bendera ya Denmark na wakachagua mabaharia wanaojua Kidenishi ili wakisimamishwa njiani wasijikanyage. Nahodha Carl Christiansen akaishusha Atlantiki yote akazunguka kusini mwa Afrika mpaka huku kwetu, tumboni kuna makaa ya mawe ya Königsberg, manowari ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki.

Wanaosema ilifeli wana hoja. Waingereza walishajua inakuja, manowari yao HMS Hyacinth ikaikimbiza, Christiansen akaingia nayo ghubani akaizamisha mwenyewe kwenye kina kifupi na mbao za juu ya deki zikawashwa moto. Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg ikamalizwa Julai 11 mwaka huohuo.

Lakini moto ule ndo uliookoa mzigo! Hyacinth ikapiga mizinga, ikaona meli inaungua, ikaondoka ikijua kazi imeisha, halafu Wajerumani wakaanza kuopoa. Risasi zilishaingia maji ya chumvi ikabidi zifunguliwe, zisafishwe, zikaushwe. Na tukumbuke askari wengi wa Mjerumani bado walikuwa na bunduki za modeli ya 1871 zinazotoa moshi mzito, ukifyatua tu adui keshajua ulipo, kwahiyo bunduki za kisasa kwao hazikuwa kitu kidogo. Haki isemwe pia, silaha nyingine waliziteka kwenye mapigano ya Tanga Novemba 1914, na meli nyingine, Marie, ilifika Sudi karibu na Lindi 1916, kwahiyo kusema Kronborg peke yake ndo iliyorefusha vita mpaka Novemba 1918 ni kuzidisha.

Sasa kinachorukwa ni wapagazi, na hapa ndo naumia. Shehena ya meli haitembei yenyewe porini, inapanda vichwani mwa watu. Simulizi zina jina la nahodha, la manowari, mpaka modeli ya bunduki, ila jina la mbebaji mmoja hulikuti. Makumi ya maelfu walikufa pande zote mbili, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Wa upande wa Muingereza waliitwa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na kambi yao Dar es Salaam ndo leo tunaita Kariakoo.