Theluji ya Kibo si kipimajoto chetu

Kila nikipanda gari la kutoka Moshi kwenda Marangu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikijifunua tu, hakosekani abiria wa kuchungulia dirishani na kutoa hukumu: "Hii imekwisha." Wenzake wataguna. Punde mazungumzo yatahamia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili, uliokauka kijijini kwao, kana kwamba theluji ndiyo tenki na mfongo ndio bomba lake. Nimechoka na hesabu hiyo.

Barafu imepungua kweli, tena mno. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 11.4, kufikia 2011 ilibaki 1.76. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapo wanasayansi waliotabiri kuwa ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka ikapita, mabaki yapo, na wapenda ubishi wakapata la kusema vijiweni. Lakini juu kule, kwenye mita 5,895, ni baridi ya kugandisha karibu mwaka mzima. Watafiti waliopima kileleni wanaeleza kuwa tangu miaka ya 1880 hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kavu, theluji mpya ikawa haba, na jua likaendelea kuila ile ya zamani, nyingi ikigeuka mvuke bila hata kupitia kuwa maji. Kwa hiyo hata ilipokuwa tele, mchango wake kwenye mifongo yetu ulikuwa kiduchu. Maji ya Kilimanjaro ni mali ya msitu, unaonasa mvua na ukungu na kuvitunza ardhini. Na msitu huo, kwa juu, moto wa miaka ya ukame umekuwa ukiusukuma mpaka wake kushuka chini.

Mimi ninaogopa zaidi usiku.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa kahawa ya arabika ya Tanzania na takwimu za hewa za nyanda za kaskazini. Walichokuta si mchana mkali. Ni joto la usiku: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka kwenye kiwango cha chini cha usiku, hekta moja hupoteza kilo 137 hivi za kahawa. Bibi yangu hakusoma uchambuzi wowote, ila alikuwa akisema kahawa "inalala" usiku. Siku hizi hailali vizuri, na sisi pia. Nilipokuwa mdogo, Julai kwetu ilikuwa ya blanketi mbili na moto jikoni hadi saa nne. Chandarua tulikiona kwa shangazi aliyeolewa Kahe, kule tambarare kwenye joto.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana kipimamvua uani na madaftari kadhaa ya kaunta buku. Nilimwendea nikiwa na jibu langu mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Hivi mvua imepungua, eti?"

"Marahaba. Inategemea unaanza kuhesabu mwaka gani."

Akanifungulia kurasa. Kuna Elnino ya 1997/98, mvua ya kung'oa madaraja. Kuna 2022, ambapo masika yalikuja kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwishoni mwa 2023, Elnino tena, tukalia mafuriko. Mvua inapanda, inashuka, inachelewa, inarudi. Joto halina tabia hiyo. Linapanda ngazi na halishuki. Ndiyo maana ukame wa leo, hata ukilingana kwa milimita na ule wa babu, si ukame uleule: hewa yenye joto inanyonya udongo na majani kwa pupa, na migomba inasinyaa wiki kadhaa mapema.

Kwenye mikutano ya hadhara kosa ni la mwanakijiji aliyekata mruka, mti wa kivuli cha kahawa. Sawa, amekata. Lakini alikata kwa sababu kahawa iliyokuwa chini yake haikulipa tena hata ada ya muhula mmoja, basi akang'oa kahawa, akauza mbao, akapanda mahindi juani. Kivuli kikaondoka, kihamba, shamba la nyumbani, kikazidi kuwa moto. Faini haitarudisha kivuli hicho. Pengine bei nzuri ya kahawa na miche inayostahimili vingefanya kazi zaidi, pamoja na kuziba mifongo inayovuja nusu ya maji njiani. Na ningependa kila shule ya msingi kuanzia Siha hadi Rombo iwe na kipimamvua na kipimajoto, watoto waandike wenyewe, badala ya kutegemea macho ya abiria wa daladala.

Mimi nimeshanunua kipimajoto changu, mjini, bei ya kuku mmoja. Nilitaka kukitundika ukutani nje ya jiko, nisome nikinywa chai. Mwalimu akakikataa hapohapo: kikae kivulini, usawa wa kifua, hewa ipite, mbali na bati. "Na kwa jiko usikipeleke kabisa. Utakuja kuniambia Marangu imekuwa Dar es Salaam."